Uvimbe Ulionipeleka Foleni ya Akina Mama

Mselem Tahiri Kombo,
Fundi Cherehani (Nguo za Kiume Tu),
Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
Tanga.
Jumatatu, 9 Septemba 2024

Mganga Mfawidhi,
Hospitali ya Sitara Njema,
Tanga.

YAH: MALALAMIKO MANANE YANAYOTOKANA NA UVIMBE MMOJA

Mheshimiwa Daktari,

Assalaam aleikum. Kama wewe ni Mlutheri, basi Bwana asifiwe, na kama ni Mkatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Nimeziweka zote tatu kwa makusudi, maana dini yako siijui na sipendi barua yangu ikwame mlangoni kwa ajili ya salamu.

Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona hapa Ngamiani miaka thelathini na miwili: kanzu, makoti, suruali na sare za kwaya za wanaume. Tangu siku ya kwanza kibao changu kimeandikwa Nguo za Kiume Tu. Sijapata kushona gauni wala kutia lastiki kwenye sketi. Si kwamba nawadharau akina mama, Mungu apishe mbali, ila kila mtu na kazi yake, na vifua vya kike sikuvisomea. Nayatanguliza haya ili upate kupima ukubwa wa jambo lililonifika.

Jambo lenyewe ni hili. Mwezi wa saba nilikuwa najipimia kanzu mpya ya Maulidi. Mafundi wengine hupimwa na wenzao, lakini mimi simwamini fundi yeyote mjini humu, kwa hiyo hujipima mwenyewe mbele ya kioo. Futi kamba ilipopita kifuani, upande wa kushoto, chini ya chuchu, ikapanda kidogo kisha ikashuka. Nikaipitisha tena. Ikapanda, ikashuka. Nikatia kidole, nikakuta kitu kigumu, kadiri ya kifungo cha koti, kimetulia pale kama mwenye nyumba.

Maelezo nilikuwa nayo. Nikiwa kazini huchomeka pini zangu kwenye mfuko wa shati, upande huohuo wa kushoto, na nikaona labda kifua kimechoshwa na pini. Nikazihamishia kulia, nikangoja wiki tatu uvimbe uhame nazo. Haukuhama. Ndipo nikaja kwenu, na malalamiko yangu yanaanzia hapo. Nimeyapanga kwa namba ili yasikupotee.

1. Kuhusu mahali penyewe. Mwili wa mwanamume una nafasi nyingi za heshima ambako uvimbe ungeweza kukaa: mgongo, paja, kisogo. Mjomba wangu aliwahi kuwa na wake shingoni, akawa anautembeza mjini kwa fahari na watu wakimpa pole. Wangu umechagua mahali ambapo hata kumwonyesha mtu siwezi. Ombi langu hapa ni dogo: kwenye faili paandikwe "bega, upande wa mbele". Mimi ni mtu wa vipimo, nakuhakikishia kuwa kutoka begani hadi pale ni inchi saba tu. Nimewahi kukosea zaidi ya hapo kwenye suruali ya mtu, naye akaenda nayo harusini.

2. Kuhusu kibao na siku. Nilielekezwa chumba ambacho juu ya mlango wake pameandikwa kwa rangi ya waridi, Kliniki ya Matiti, Jumatano, na pembeni kuna picha ya mwanamke anatabasamu. Nikamuuliza karani wa mapokezi, Bwana Anold, kama kuna siku ya wanaume. Akanijibu kwa adabu kwamba wanaume wenye shida hiyo ni wachache, hivyo huchanganywa humohumo. Nikataka kujua wachache wangapi. Akafungua daftari, akapekua, akapekua, akaniambia mwaka huu wapo wawili, na kwamba mmoja ndiye mimi.

Naomba ijengwe kliniki ya wanaume, yenye mlango wake wa nyuma. Kama hoja ni uchache wetu, mimi niko tayari kuwa mgonjwa, mlinzi na mwenyekiti wa kamati kwa wakati mmoja.

3. Kuhusu fomu. Fomu mnayotumia haikutegemea mtu kama mimi. Iliniuliza nina watoto wangapi, nikajibu wanne. Iliniuliza wangapi nimewanyonyesha, nikaandika hakuna. Muuguzi wenu, Bi Sabra, alipoipitia bila kuinua kichwa, akaniuliza kwa nini sikuwanyonyesha. Nikamwambia mama yao aliwahi. Swali la tarehe ya hedhi ya kwanza nililiandikia "bado". Hapo Bi Sabra akainua kichwa, akanitazama, akacheka mpaka ikabidi atoke nje. Sijalalamika kuhusu kicheko, maana hata mimi nikisimuliwa ningecheka. Nalalamika kwamba alipotoka nje, alitoka na fomu mkononi.

4. Kuhusu daktari mwenyewe. Dokta Precious ni binti wa umri wa mwanangu wa pili. Nilipoingia alisimama, akaniambia shikamoo baba, nikamwitikia marahaba, nikafurahi sana kuona malezi bado yapo. Kabla furaha haijatulia akaniambia nivue shati. Mheshimiwa, hivi vitu viwili havipangwi hivyo. Ama mtu aniamkie, ama anivue shati. Nilikaa pale kitako, kifua wazi, mikono nimeikunja mbele kama mwari, huku binti anayeniita baba ananibinyabinya na kuniuliza panauma. Hapaumi. Nilitamani paume, nipate la kusema.

5. Kuhusu akina mama wa kwenye benchi. Hili ni kubwa, naomba ulisome taratibu.

Utaratibu wenu ni kwamba mtu akishavua, hujifunga kanga kifuani na kurudi kwenye benchi kungojea kuitwa, na kila mmoja akiitwa wengine wote husogea nafasi moja. Mwanamume hatembei na kanga. Nikabaki mlangoni, shati nimelikumbatia, nimeganda. Dada mmoja anaitwa Ritha, mtu wa Pongwe, ambaye babu zake waliletwa kukata mkonge na hawakurudi kwao, akafungua mkoba akanitupia kanga yake ya pili. Ilikuwa nyekundu. Maneno yaliyoandikwa pindoni sitayanukuu kwenye barua ya heshima. Mwenzake, Bi Chiku, mama mtu mzima wa hapahapa Ngamiani, akanifunga kwa mikono yake kama anayefunga mtoto, kisha akasema maneno ambayo hayajanitoka kichwani: "Kaka, hapa sote tumeletwa na kitu kimoja. Sogea, mwenzio akae."

Nikasogea. Nimesogea Jumatano tatu. Katika muda huo nimejua uvimbe wa nani uko upande gani, mume wa nani hajui, na nani ameshakatwa na bado anauza vitumbua asubuhi. Wameniwekea nafasi. Wamenipa chai. Wamenitia kwenye kundi lao la wasapu bila kuniuliza, na humo mimi ndiye mwanamume pekee, wakinipangia dua za Waislamu na sala za Wakristo kwa zamu. Siku ya pili alipita Mzee Eliudi, kiongozi wa kwaya ambaye nashona makoti yake, amemleta mkewe idara nyingine. Akanikuta nimekaa katikati yao na kanga nyekundu, kikombe mkononi, nacheka. Nilikuwa nacheka kweli, Mheshimiwa, hilo ndilo linaloniuma. Naomba hospitali ipige marufuku wagonjwa kuwa wema kwa wagonjwa wenzao hadi watambulishwe rasmi.

6. Kuhusu sindano. Dokta Precious alinieleza kuwa atachukua kinyama kidogo kwa sindano ili kikapimwe kama ni saratani au la. Alilitaja neno hilo waziwazi, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Nikamwambia asihofu, mimi na sindano tumeishi pamoja miaka thelathini na miwili. Kumbe nilikuwa naijua kwa upande wa kuishika tu. Nilipozinduka nilikuta Bi Chiku ananipepea kwa faili langu, Dada Ritha ameninyanyua miguu, na wengine wawili mlangoni wanauliza kama nimekula. Faili langu, nalirudia, ambalo ni siri ya mgonjwa, lilikuwa linatumika kupepea.

7. Kuhusu Pongwe. Mke wangu anaitwa Tausi. Tuna miaka ishirini na sita ya ndoa. Sikumwambia kitu. Ningemwambiaje? Mama yake aliondoka kwa ugonjwa huohuo, na mimi ndiye niliyekuwa nambeba mgonjwa kumwingiza na kumtoa garini miezi yote ile, nikaona Tausi alivyokonda pamoja na mama yake. Niliapa nyumba yangu haitasikia tena neno hilo likitoka kinywani mwangu. Kwa hiyo kila Jumatano nilimuaga kuwa nakwenda Pongwe kutazama kitambaa.

Ila mke wa fundi naye ni fundi. Anajua kuwa mtu haendi kutazama kitambaa mara tatu asirudi hata na kipande cha leso. Na simu yangu nayo ikaanza kuimba. Dada Ritha ameandika kwamba nisiwakimbie Jumatano, nafasi yangu ipo. Bi Chiku hajui kuandika sana, yeye hutuma mioyo. Mioyo myekundu, sita, saba, kwa mkupuo. Tausi akaiona. Akakaa mbele yangu, akaniuliza kwa upole kabisa huyo mwanamke yuko wapi.

Hapo nilikuwa na njia mbili tu, Mheshimiwa: kusema nina uvimbe, au kusema nina mke. Nikasema nina mke. Pongwe.

Nilitegemea vishindo. Tausi hakupiga kelele. Aliuliza kama nimeoa kwa haki, nikasema ndiyo. Akaniambia basi mke mwenza hafichwi kama bidhaa ya magendo. Aletwe nyumbani Ijumaa hii baada ya swala, ale, ajulikane. Ameshafagia chumba cha uani. Amemwita kaka yake Masoud kutoka Moa aje kusimama kama mzee wa familia, naye amefika jana kwa bodaboda na samaki, changu mkubwa, wa kumkaribishia bibi harusi. Anaponitazama hatukani. Ananipa pole kwa macho, kana kwamba mimi ndiye niliyeingia matatani, na sijui lipi baya zaidi.

Sasa fuatana nami katika hesabu hii. Kama kliniki ingekuwa ya mabega, ningemwambia Tausi. Kama siku isingekuwa moja kila wiki, asingeshuku. Kama benchi lingekuwa na watu wakali, nisingetumiwa mioyo. Kwa vyovyote utakavyopima, huyo mke nimeozeshwa na hospitali. Kwa hiyo naomba niazimwe muuguzi mmoja, Ijumaa, kuanzia saa saba na nusu hadi saa tisa na nusu, aje kuwa mke wangu wa Pongwe. Awe wa umri wa makamo, ajue kula changu mbele za watu, na asiwe Bi Sabra, maana atacheka.

8. Kuhusu majibu. Haya yapo tayari tangu Jumatano iliyopita. Sikuja kuyachukua. Bi Sabra amenipigia simu mara nne, na mara zote nne nilibadilisha sauti nikamwambia fundi amesafiri. Mara ya nne akaniambia nimfikishie fundi salamu, na kwamba kikohozi chake anakijua.

Nasema ukweli, kwa kuwa kurasa zinakaribia kwisha. Naogopa. Nimeandika yote hayo juu ili nisiliandike neno hili, na sasa limejiandika. Wiki iliyopita nimeshona koti la Mzee Eliudi na mikono miwili ya kushoto. Mimi! Kila nikikaa kwenye cherehani mkono unakwenda wenyewe kifuani kuangalia kama bado kipo, na bado kipo. Watoto wanne, wawili bado wanasoma. Nikiwaza Tausi akae tena kwenye viti vile vya hospitali alivyokaa kwa mama yake, safari hii kwa ajili yangu, nafunga duka mchana kweupe.

Hivyo ombi langu la mwisho ni la kiufundi. Mteja wangu akisema kiuno chake ni inchi thelathini na nne, sibishani naye, nakata thelathini na nne, na yeye atajua namna ya kuingia. Nanyi fanyeni vivyo hivyo. Andikeni kwanza kwenye karatasi "salama", mpige muhuri, kisha uvimbe uelekezwe kufuata karatasi. Likishindikana hilo, basi majibu yafungiwe kabatini na ufunguo upotee kwa njia ya heshima. Madhali hamjanitekelezea yote manane, sitakanyaga hapo Jumatano hii wala nyingine.

Nakomea hapo kwa leo, mteja wa kwanza ameshafika na suruali yake. Nisalimie Bwana Anold na daftari lake. Nisalimie Bi Sabra, nina hakika atakuwa wa kwanza kuisoma barua hii na kuisoma kwa sauti. Mwambie Dokta Precious marahaba kwa mara zote nilizokuwa nimezimia nisiitikie. Akina mama wa benchini wasalimie mmojammoja kuanzia mlangoni, kwa mpangilio wa foleni.

Wako mtiifu lakini mwenye msimamo,

Mselem Tahiri Kombo
(Mgonjwa wa bega, upande wa mbele)

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa. Tafadhali namba 7 ifunikwe kwa karatasi.

Tanbihi, Alhamisi tarehe 12.

Mheshimiwa, barua hii haikutoka siku ile. Niliiacha juu ya cherehani nikaenda kuswali adhuhuri, na Tausi akaja kuniletea chakula. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kigoda cha wateja, kurasa zote mapajani. La Pongwe hakuligusa. Alifunga mlango wa duka, akaniambia nimwonyeshe, akaweka mkono wake pale akauacha muda mrefu.

Jana tulikuja pamoja. Mtakuwa mmesikia vigelegele kwenye ukumbi wenu, na naomba radhi kwa wagonjwa wa idara nyingine. Dokta Precious alinisomea majibu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sikusikia: si saratani. Ni nyama tu iliyovimba, huwatokea wanaume, naweza kuitoa au kuiacha. Bi Chiku alilia, Dada Ritha akacheza, Bi Sabra akawatimua wote wawili huku naye anafuta macho. Nikavaa shati, nikasimama, nikamwambia Tausi twende.

Tausi hakusimama. Alimgeukia daktari, akamwambia kwamba naye ana uvimbe, upande wa kulia, tangu baada ya Idi Kubwa, ila hajamwambia mtu. Nilimuuliza kwa nini asiniambie mimi. Akanijibu: "Ulikuwa na kanzu za watu, halafu ukawa na Pongwe yako. Nikaona nisikuongezee."

Alichomwa sindano palepale. Hakuzimia, alimuuliza Dokta Precious tu kama ameolewa. Dada Ritha amemwonyesha mahali pa kukaa.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote manane pamoja na maombi yake. Kibao kibaki, siku ibaki, na akina mama waendelee na wema wao bila kutambulishwa. Muuguzi wa Ijumaa hahitajiki tena, na changu Masoud ameshamla. Nilitaka kuichana barua hii, lakini Tausi amesema niilete hivyohivyo ili mjue mnashughulika na mtu wa namna gani.

Majibu yake ni Jumatano tarehe ishirini na tano. Tutakuja wawili, mapema. Yeye anasema haogopi. Mimi naogopa, na safari hii nimemwambia.